Maswali na Majibu: Kupima Muda wa Kazi

Ninafasiri nyaraka nyumbani, Mkomani, Lamu. Programu ya Clockify hunionyesha saa kumi za kazi kwa siku, ilhali kurasa nilizomaliza ni tatu. Kosa liko wapi?

Dada yangu, kosa liko katika jina unalokipa kila kipindi. Ukiandika "kazi" tu tangu asubuhi hadi magharibi, programu itahesabu pia muda wa kujibu jumbe za wateja, wa kusubiri mtandao urudi na wa kumfungulia mgeni mlango. Tenganisha kufasiri, kusahihisha na mawasiliano, kisha usimamishe saa kila unapoinuka, hata kama unakwenda kuswali adhuhuri. Nilipofanya hivyo kwa wiki moja, niligundua kwamba ripoti niliyodhani hunimalizia asubuhi nzima ilihitaji saa moja na dakika arobaini, na muda uliobaki ulikuwa ukimezwa na simu ileile niliyoitegemea inipimie. Saa utakazopata zitakuwa chache, lakini ndizo za kweli, na bei ya ukurasa unayomtajia mteja ianzie hapo.

Nilianza kazi saa mbili asubuhi. Mbona programu yaandika 8:00?

Ni wakati uleule, kwani simu huanza kuhesabu usiku wa manane nasi huanza alfajiri. Ukijaza kwa mkono usiandike 2:00, maana itasomeka saa nane usiku na hesabu ya wiki nzima itaharibika.

Mimi ni mchonga milango, Langoni. Je, mbinu ya Pomodoro yanifaa?

Kwa uchongaji wenyewe sidhani, fundi. Mwitaliano Francesco Cirillo aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akijipa dakika 25 za kusoma na 5 za kupumzika. Patasi iliyokwisha kushika mkondo wa nakshi haifai kusimamishwa na kengele. Itumie unapoandika hesabu za wateja. Kwa mlango, andika kwa chaki ubaoni saa ya kuanza na ya kumaliza miimo, kizingiti na mfaa (ule ubao wa katikati ya mlango), kila kimoja peke yake. Baada ya milango miwili au mitatu utaweza kumwambia mteja siku ya kuuchukua wake bila kubahatisha.

Mwajiri wangu ataka kuweka programu inayopiga picha za skrini yangu. Nikubali?

Muulize kwanza, kwa maandishi, picha hizo zitatumiwa kwa lipi na nani atakayeziona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuarifiwa matumizi ya taarifa zako na haki ya kuziona.