Maswali ya Wasomaji: Sheria ya Ohio, Mgomo wa Wahadhiri na Nafasi ya Wanyonge Vyuoni

Barua nne za mwezi huu, zote kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi, zinagusa jambo moja: sheria za majimbo ya Marekani zinazobana programu za ujumuishi (za kuwapa nafasi watu wa makundi yaliyoachwa nyuma) katika vyuo vikuu vya umma na kuwanyima wahadhiri haki ya kugoma. Tumezifupisha na kuzijibu kwa pamoja.

Swali: Mkufunzi wa chuo, Shangani, Mtwara

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Mdogo wangu anasoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha umma jimboni Ohio. Ananiambia kuwa kituo walichokuwa wakikutana wanafunzi wa asili mbalimbali kimefungwa, na kwamba wahadhiri wake hawaruhusiwi tena kugoma. Nashindwa kuelewa mambo haya mawili yalikutana vipi ndani ya sheria moja. Naomba ufafanuzi.

Jibu

Mwalimu, sheria anayoizungumzia mdogo wako ni Muswada wa Seneti Namba 1, uliowasilishwa na Seneta Jerry Cirino, ukatiwa saini na Gavana Mike DeWine tarehe 28 Machi 2025 na kuanza kutumika tarehe 27 Juni mwaka huo huo. Unahusu vyuo vikuu 14 vya umma pamoja na vyuo vya jamii 23. Unafuta ofisi, mafunzo na nyadhifa zote zilizoundwa kwa ajili ya kile Wamarekani wanachokiita anuwai, usawa na ujumuishi, na unawakataza wahadhiri wa ajira kamili kugoma.

Kuhusu kituo kilichofungwa, inabidi kutenganisha sababu. Ohio University ilitangaza kukifunga kituo chake cha wanawake na kile cha tamaduni mbalimbali kwa sababu ya sheria hii. Ohio State University, kwa upande wake, ilitangaza kuifunga ofisi yake ya ujumuishi mwezi Februari 2025, kabla gavana hajasaini chochote, wakati ambapo serikali ya shirikisho nayo ilikuwa ikivishinikiza vyuo kote nchini. Kwa hiyo si kila mlango uliofungwa Ohio ulifungwa na Namba 1.

Swali lako la msingi ni uhusiano wa mambo hayo mawili, na hapo ndipo nitakapokawia kidogo. Sheria ya kazi ya shirikisho ya mwaka 1935, iliyowapa wafanyakazi wa Marekani haki ya kuunda vyama na kugoma, haikuwahusu watumishi wa majimbo, hivyo kila jimbo likabaki na uamuzi wake. Ohio iliwapa watumishi wake wa umma haki ya majadiliano ya pamoja mwaka 1983 na kuwaruhusu wengi wao kugoma, isipokuwa makundi kama polisi na zimamoto. Mwaka 2011 wabunge walijaribu kuifumua sheria hiyo, lakini vyama vya wafanyakazi vikakusanya saini zaidi ya milioni moja, suala likapelekwa kwa wananchi, na mwezi Novemba zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura wakaikataa sheria mpya. Wahadhiri waliitumia haki yao mara chache. Wale wa Wright State University waligoma kwa karibu wiki tatu mwanzoni mwa mwaka 2019, na wenzao wa Youngstown State wakafanya hivyo kwa muda mfupi mwezi Oktoba 2020.

Watetezi wa sheria mpya wanasema kwamba mwanafunzi aliyelipa ada ya muhula hapaswi kukosa vipindi kwa sababu ya ugomvi usiomhusu, na kwamba ofisi za ujumuishi ziligeuka mahali pa kupima misimamo ya watu, hasa pale ambapo mwombaji kazi alitakiwa aandike maelezo ya imani yake kuhusu suala hilo ndipo afikiriwe. Hoja hii ya pili siidharau hata kidogo: fundi wa kemia anapaswa kuajiriwa kwa kemia yake. Hoja ya kwanza pia ina uzito kwa mzazi yeyote anayelipa ada.

Lakini tazama kilichowekwa pembeni ya katazo la mgomo. Sheria hiyo hiyo imeyaondoa katika meza ya majadiliano mambo kama tathmini ya wahadhiri, mzigo wao wa kazi na taratibu za kuwapunguza kazini. Imeleta tathmini mpya hata kwa wale waliokwisha kupata ajira ya kudumu. Na imeamuru kwamba programu yoyote ya shahada ya kwanza ambayo kwa wastani wa miaka mitatu inatoa wahitimu pungufu ya watano kwa mwaka ifutwe, isipokuwa chuo kiombe na kuruhusiwa kuendelea nayo. Kwa maoni yangu, kifungu hiki cha wahitimu watano, ambacho hakikupigiwa kelele kama mgomo, ndicho kitakachobadilisha vyuo vya Ohio kwa muda mrefu zaidi. University of Toledo ilitangaza kusitisha udahili wa programu tisa, miongoni mwake falsafa, Kihispania na masomo ya Afrika. Mhadhiri wa falsafa aliyekuwa akilindwa na mkataba wa hali bora za kazi sasa hawezi kujadili namna atakavyopunguzwa, na akikataa kwa kugoma anavunja sheria.

Hapo ndipo mambo mawili yanapokutana, Mwalimu. Ofisi za ujumuishi, maudhui ya darasani na haki ya mgomo vyote vilikuwa mahali ambapo watumishi wa chuo walikuwa na sauti, na sheria imeihamishia sauti hiyo kwa mabaraza ya wadhamini, ambayo wajumbe wake wanateuliwa na gavana kwa kuridhiwa na Seneti ya jimbo. Hata muhtasari wa somo umeguswa: mhadhiri anatakiwa auweke hadharani kwenye tovuti, ukiwa na ratiba ya mada, sifa zake za kitaaluma na mawasiliano yake, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuupekua bila nywila. Kwa mwanafunzi huo ni msaada mkubwa. Kwa mhadhiri anayefundisha uhamiaji au sera ya tabianchi, mada ambazo sheria yenyewe imezitaja kuwa za mabishano, ni kufundisha huku mlango ukiwa wazi kwa kila mpita njia mwenye simu. (La kushangaza kidogo ni kwamba sheria hiyo hiyo inawataka wanafunzi wa shahada ya kwanza wasome somo la uraia, na miongoni mwa maandiko ya lazima imo barua ya Martin Luther King aliyoiandika jela Birmingham mwaka 1963.)

Wahadhiri wa Youngstown State walijaribu kurudia yaliyofanyika mwaka 2011 kwa kuitisha kura ya wananchi. Zilihitajika saini takriban 248,000 zilizotoka katika nusu ya wilaya za jimbo, lakini zilizokusanywa hazikufika 200,000, na sheria ikaanza kutumika.

Swali: Mama mzazi, Liwale, Lindi

Shikamoo Mhariri. Binti yangu yuko kidato cha sita mchepuo wa sayansi. Nimesikia redioni kwamba Marekani wamepiga marufuku kuwapendelea wasichana na watu wa makundi yaliyoachwa nyuma. Je, na sisi tutafuata? Na kama ni upendeleo, si ni kweli kwamba ni dhuluma kwa mwingine?

Jibu

Marahaba, mama. Tuanze na Marekani. Mwezi Juni 2023 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba vyuo haviwezi kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha udahili. Sheria za majimbo, kama ile ya Texas iliyoanza kutumika Januari 2024 na hii ya Ohio, zimekwenda mbali zaidi kwa kufuta ofisi na programu zenyewe.

Hapa kwetu msingi ni tofauti. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza ubaguzi, lakini ibara ndogo ya 5 inaeleza wazi kwamba neno kubagua halitatafsiriwa kwa namna ya kuizuia Serikali kuchukua hatua za makusudi zenye lengo la kurekebisha matatizo katika jamii. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza kuanzisha, tangu mwaka 1997, mafunzo ya awali kwa wasichana waliokaribia lakini hawakufikia alama za kujiunga na masomo ya sayansi. Kwanza walisoma, kisha wakafanya mtihani, na waliofaulu ndio walioingia. Mtunga sheria anayetaka kuyafuta mambo ya namna hiyo hapa nchini atakutana na Katiba kwanza.

Kuhusu dhuluma, swali lako ni la haki na halipaswi kufunikwa. Hatua ya makusudi inayotazama jinsia peke yake inaweza kumwinua msichana wa shule ya kulipia ya Dar es Salaam, aliyeshika bomba la majaribio tangu kidato cha kwanza, ikamwacha mvulana wa Liwale ambaye shule yake ilimfundisha jaribio la kemia kwa mchoro wa ubaoni. Mimi ningependa kigezo kianze na shule mtoto alikotoka, ndipo jinsia ifuate. Kusogeza chuo karibu nako ni hatua ya aina hiyo: mpango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa kujenga kampasi Lindi, chini ya mradi wa elimu ya juu unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hauchukui nafasi ya mtu yeyote.

Binti asome. Hakuna kilichobadilika kwake kwa sababu ya Ohio.

Swali: Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, Masasi

Mheshimiwa Mhariri, wanachama wangu wanadai kuwa sisi nasi hatuna haki ya kugoma ila kwenye makaratasi, kwa hiyo hatuna tofauti na hao wa Ohio. Unasemaje?

Jibu

Ndugu Katibu, tofauti ipo, ingawa wanachama wako wana sababu ya kulalamika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mgomo kuwa haki, na kufundisha hakumo katika orodha yake ya huduma muhimu, ambayo ina maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege. Mgogoro wa maslahi unapelekwa kwanza kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usuluhishi ukishindikana, chama kinapiga kura ya wanachama, na wengi wakiunga mkono kinatoa notisi ya saa 48. Watumishi wa umma wanayo pia Sheria ya Majadiliano ya Pamoja ya mwaka 2003, ambayo masharti yake ya kura na notisi ni mazito zaidi. Walimu waliogoma mwishoni mwa Julai 2012 walirudishwa darasani siku chache baadaye kwa amri ya Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, iliyoona kwamba mgomo haukufuata utaratibu. Hapo ndipo penye tatizo la tawi lako na matawi mengine: kura isiyohesabiwa vizuri, muhtasari wa kikao usio na saini, notisi iliyopelekwa ofisi isiyohusika. Hayo yanarekebishika ndani ya chama.

Huhitaji kugoma kila mwaka ili haki hiyo iwe na kazi. Wakulima wa korosho wa Tandahimba na Newala walipokataa bei za mnada mwezi Oktoba 2018, hawakuwa na lengo la kukaa na korosho ghalani hadi zioze; walitaka mnunuzi ajue kwamba neno hapana linawezekana, na mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. (Yaliyofuata katika malipo ni habari nyingine.) Mhadhiri wa Ohio ameondolewa uwezo wa kusema hapana, hivyo mwajiri anaingia kwenye kikao akijua jibu la mwisho kabla ya hoja ya kwanza. Wewe Katibu bado unao uwezo huo. Anza na daftari la wanachama.

Swali: Kijana, Nachingwea

Nimepata nafasi ya kusoma chuo cha umma Ohio mwakani. Je, sheria hii inanigusa mimi mgeni?

Jibu

Kidogo, kijana wetu. Haikatazi udahili wa wageni, na mambo ya viza yako chini ya serikali ya shirikisho. Angalia mambo mawili kabla hujalipa chochote. La kwanza ni ufadhili: vyuo haviruhusiwi tena kuanzisha ufadhili mpya unaotolewa kwa misingi ya rangi au asili, kwa hiyo kama barua yako ya ufadhili imetaja sifa ya aina hiyo, waandikie uwaulize kama bado unatolewa na kwa masharti yapi. La pili ni programu yenyewe: uliza idara yako ilikuwa na wahitimu wangapi wa shahada ya kwanza kwa mwaka katika miaka mitatu iliyopita, na kama hawafiki watano, uliza iwapo chuo kimeiombea ruhusa ya kuendelea. Majibu yote mawili yadai kwa maandishi, kutoka ofisi ya udahili.