Kaka katoka soba, naogopa akirudia unga

Pole sana dada. Unasema kaka'ko katoka soba (nyumba ya kuachia madawa ya kulevya) juzi na unaogopa akirudia unga (heroini) atakufa kama rafiki yake. Hofu yako ni ya kweli, maana huu ndo wakati mbaya kuliko wote, mwili umeshasahau, dozi aliyoizoea zamani sasa hivi inaweza kumkata pumzi kabisa.

Tafuta naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, ipo ya kupuliza puani na ya sindano, ulizia kliniki ya methadoni (dawa wanayopewa wanaoacha unga), na nyumba nzima ijue inapokaa. Ukimkuta haamki hata ukimsugua kifuani kwa ngumi, anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, usimmwagie maji wala kumpa maziwa (watu wanapoteza muda hapo jamani!), ita msaada, mpe dawa, mpulizie pumzi mdomoni, asipozinduka ndani ya dakika 2 au 3 mrudishie nyingine. Akiamka usimwache, naloksoni huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90 na unga bado umo mwilini.

Na mwambie, akiteleza asijifungie peke yake, hata kama inakuuma kusema hivyo.