Majitaka ya Kijiji Kidogo

Swali: Kijiji chetu kina kaya chache na hakina umeme wa uhakika. Je, tunaweza kusafisha majitaka bila mitambo?

Jibu: Mnaweza, ndugu msomaji, ilimradi ardhi ipo. Majitaka hupita kwanza katika tangi la septiki, ambamo tope huzama na mafuta huelea, kisha hutiririka polepole katika bwawa la changarawe lililopandwa matete, ambamo bakteria walioganda kwenye mawe na mizizi hula uchafu uliosalia. Kinachoharibu mabwawa haya, kwa maoni yangu, ni tangi kusahaulika: tope lisiponyonywa kila baada ya miaka michache, hufuata maji, likaziba changarawe, na maji meusi yakatuama juu. Yanayotoka, hata yakiwa maangavu, bado yana vimelea, msiyanywe.