Kabla hujang'oa pointi kwenye gari lako la zamani

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya 1972, rangi ya chungwa iliyokwisha kupauka. Lilikuwa la baba mdogo. Alilipenda kwa sababu moja tu: gari la aina hiyo lilishinda East African Safari mwaka 1971, na 1973 likashinda tena likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Mimi nimelirithi likiwa haliwezi kuishinda hata foleni ya Morocco, hapa Dar es Salaam.

Asubuhi lilikuwa linawaka bila shida. Ukikaa kwenye foleni nusu saa, jua la saa saba, halikai silensa, yaani linazima usipokanyaga mafuta. Linamisi, na ukikanyaga mafuta linajivuta kama lina kwikwi. Kila niliyemweleza alisema, "Weka moto wa elektroniki." Yaani kifaa cha elektroniki badala ya pointi, vile vibati viwili ndani ya distribyuta (kigawa umeme wa plagi) vinavyounga na kukata umeme ili plagi zitoe cheche. Nimeweka, na sirudi nyuma. Ila nusu ya ugonjwa niliodhani ni wa pointi haukuwa wa pointi kabisa.

Injini ya silinda sita ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinafunguka mara 9,000 ndani ya dakika hiyohiyo, na kila zikifunguka koili, inayopandisha nguvu ya umeme wa betri, inatoa cheche. Kile kijiguu cha pointi kinachosuguana na kemu, yaani mhimili wenye pembe unaozifungua, kinalika taratibu. Kikilika, nafasi ya pointi inapungua na cheche inachelewa. Ndiyo maana kila baada ya muda unarudi na fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi. Kwa gari hili ni milimita 0.45 hadi 0.55. Kifaa cha elektroniki kinakuondolea pointi na kondensa, basi. Pete yenye sumaku inakaa chini ya rota (kile kinachozunguka na kugawa umeme kwa kila plagi), pembeni yake kuna kihisio, hakuna kinachosuguana. Rota, kifuniko, nyaya na koili vinabaki palepale. Kama vilikuwa vibovu, vinaendelea kuwa vibovu.

Aliyenionyesha hilo ni mzee mmoja wa Gerezani, fundi umeme wa magari tangu enzi za Peugeot 404. Nilimpelekea kifaa kikiwa bado ndani ya boksi, shemeji yangu alikuja nacho kwenye begi kutoka Marekani. Nikamwamkia, akaitikia, boksi akalitazama tu.

"Mwanangu, hicho kiweke kwanza kwenye siti."

Akavua kifuniko cha distribyuta, akaishika rota kwa vidole viwili na kuitikisa kushoto kulia. Ikacheza. "Unaona? Bushi imekwisha. Ukifunga kitu kipya juu ya hii, umemvisha suti mtu ambaye hajaoga." Kisha akachomoa mpira wa vakyumu upande wa kabureta, akanipa. "Nyonya." Nikanyonya kama mtoto na soda. Sahani iliyo ndani ya distribyuta, inayowahisha cheche, ilitakiwa isogee. Haikusogea hata kidogo, maana kiwambo kilikuwa kimetoboka. Upande wa ndani wa kifuniko kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele, kutoka mguu mmoja hadi wa jirani. Umeme ulikuwa unakatiza humo, hasa siku za unyevu, na kwetu hapa pwani unyevu hauna likizo. Waya wa eathi kati ya injini na bodi ulikuwa umeota ukungu wa kijani.

Tulirekebisha hayo kwanza, tukabaki na pointi zilezile. Kwikwi karibu yote ikaisha. Kwa hiyo ukiniuliza wapi pa kuanzia hela yako, anzia hapo. Pengine boksi lako litakaa kwenye siti mwezi mzima, na hakuna ubaya.

Kukifunga chenyewe ni kazi ya saa moja, chomoa tu betri kwanza. Kuna nyaya mbili: mweusi unaenda kwenye hasi ya koili, mwekundu ndio unaowaponza watu. Magari mengi ya miaka hiyo yana rezista, kipande cheupe cha kauri kilichokaa kabla ya koili. Ukipiga stata, koili inapata umeme wote; injini ikishawaka, umeme unapitia kwenye rezista na kushuka. Mimi niliuunga waya mwekundu kwenye chanya ya koili. Gari likawa linawaka stata ikizunguka, nikiachia ufunguo linazima. Nikapima na mita: volti 7 na kitu. Waya huo uunge kabla ya rezista, ambako kuna volti 12 kamili.

Halafu pima koili yako. Kifaa changu kinataka ukinzani wa omu 3 kwa jumla. Volti 12 ukigawanya kwa 3 unapata ampea 4, kinahimili. Ukidanganywa ukanunua koili "ya nguvu" yenye omu 1.5 na ukaitoa rezista, ni ampea 8. Koili ya omu 1.5 iache na rezista yake. Ya omu 3 haihitaji rezista.

Nyaya za plagi zenye shaba tupu ndani nazo zitupe, zinakivuruga kihisio. Tafuta za kaboni. Taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, iseti upya hata kama gari limewaka vizuri, na uifanyie jioni au kivulini, kwa sababu kwenye jua letu taa ya taimingi huioni. Alama ya kwenye puli niliipaka rangi nyeupe ya kucha ya mke wangu. Hajui.

Kosa langu kubwa lilikuwa Magogoni, nikisubiri pantoni kwenda Kigamboni. Nilizima injini, nikaacha swichi imewashwa ili nisikilize mpira, kwa sababu miaka ya nyuma mtu alikuwa ameiunga redio kwenye waya wa moto unaokwenda kwenye koili. Injini ikiwa imesimama, umeme unaweza kupita kwenye koili na kifaa mfululizo bila kukatwa. Dakika arobaini baadaye pantoni ikafika, koili haishikiki kwa joto, kifaa kimekufa. Wenye bajaji walinisukuma pembeni huku wakinipa pole na kucheka kwa wakati mmoja. Kilichoniokoa ni kopo la maziwa ya unga kwenye buti: pointi za zamani, kondensa, bisibisi fupi na fila geji. Nikafunga nikiwa nimeinama juani, nikavuka na pantoni ya tatu.

Redio nimeihamishia kwenye waya wake. Kifaa cha pili kina mwaka sasa, na kopo bado liko kwenye buti. Kilichobaki ni mshale wa saa ya mizunguko ya injini. Kwenye 240Z za mwanzo umeme wa koili unapitia kwanza kwenye saa hiyo, na tangu nibadilishe mfumo mshale unarukaruka kila nikizidi 4,000. Mzee anasema nimletee aifungue. Sijampelekea, kwa foleni hizi, 4,000 naifikia wapi?