Kupanga Kanda ya Fanki na Jazi ya Soul

Anayetaka kupanga kanda ya kaseti ya fanki (muziki wa Wamarekani Weusi wenye mdundo mzito wa kuchezeka) na jazi ya soul (jazi iliyochanganywa na ladha ya blues na gospeli) za miaka ya 1960 na 1970 aamue kwanza itasikilizwa wapi. Zangu huzipanga kwa ajili ya safari ya Arusha hadi Moshi, takribani kilomita 80, kwa kuwa upande wa kwanza wa kanda ya dakika 90 huishia maeneo ya njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na wa pili hunifikisha mjini.

Wengi hupanga nyimbo kwa kufuata mwaka zilipotoka, lakini mimi hufuata ala. Katika “Cissy Strut” ya The Meters wa New Orleans, iliyotoka 1969, kuna kinanda cha Art Neville, na kinanda hicho ndicho kinachomwandalia njia Jimmy Smith, mpiga kinanda wa jazi. Smith alizoea kupiga besi kwa mkono wa kushoto na miguu juu ya kinanda chake cha Hammond, mara nyingi bila mpiga besi pembeni yake. Ukimweka mara tu baada ya wimbo wenye besi nzito na tarumbeta nyingi, atasikika mnyonge, na huko ni kumdhulumu.

Jazi nayo inadai nafasi. “The Sidewinder” ya mpiga tarumbeta Lee Morgan, iliyorekodiwa Desemba 1963, huchukua dakika zaidi ya 10, na ni heri kuiacha kabisa kuliko utepe kuisha wakati Joe Henderson bado anapuliza saksafoni. Jumlisha dakika za upande mzima kwenye karatasi kabla ya kuanza kurekodi, kisha ziba pengo linalobaki kwa kipande kifupi cha fanki.

Kwa James Brown, angalia toleo. “Cold Sweat” ya 1967 iligawanywa sehemu mbili ili ienee kwenye pande mbili za santuri ndogo. Tafuta iliyo kamili, ya dakika saba hivi, maana anayeishia sehemu ya kwanza humkosa Clyde Stubblefield pale anapoachiwa uwanja na ngoma zake. Ninaupenda mno wakati ule, na sioni sababu ya kumnyima msikilizaji.

Sauti za santuri hizo hazilingani, kwa hiyo rekebisha kila wimbo huku ukitazama mshale wa kipimo cha sauti kwenye mashine ya kurekodia. Ukimaliza, vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, ili mtu asije akarekodi kitu kingine juu yake.