Maswali ya Wasomaji: "Get" Si "Pata" Peke Yake

SWALI: Mwanangu wa kidato cha pili alifasiri "Asha got married" kuwa "Asha alipata ndoa", akakosa alama. Kamusi yetu imeandika "get: pata". Kosa liko wapi? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Kamusi imetoa maana ya kwanza ikaishia hapo. Mzoeze mtoto kutazama neno linalofuata kabla hajafasiri.

Likifuata jina la kitu, mara nyingi ni kupata, kupokea au kuleta: "get a job", pata kazi; "get me some water", niletee maji. Ikifuata sifa, "get" inaeleza mabadiliko ya hali, na Kiswahili huyabeba ndani ya kitenzi chenyewe: "get tired" ni choka, "get wet" ni lowa, "get fat" ni nenepa. Likifuata umbo la tatu la kitenzi, aghalabu ni kutendewa: "he got arrested", alikamatwa.

Ndoa ina lake. Kiingereza hakijali nani kaoa na nani kaolewa, Kiswahili kinajali sana: Asha aliolewa, Juma alioa, na wote "got married". Jina lisipoonyesha kama ni la mke au mume, andika "alifunga ndoa".

Angalieni na muundo huu: "I got my phone repaired", yaani nilipeleka simu ikatengenezwa. Kitu hutangulia, kitendo hufuata. "I got repaired my phone" ni kosa tunalokutana nalo kila mara, kwa sababu sisi tumezoea kutanguliza kitendo: nilitengenezewa simu.

SWALI: Basi je, kila "pata" yetu inaweza kuwa "get"? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hapana, na hapa hata walioajiriwa kwa Kiingereza chao huteleza. Kupata ajali ni "have an accident". "I got an accident" ni Kiswahili kilichovishwa suti. Kupata mtoto ni "have a baby". Kupata faida au hasara, kwa Kiingereza hiyo "hutengenezwa": "make a profit", "make a loss". Lakini malaria unaweza "get", na habari pia. Kanuni moja ya kuyakusanya yote haipo. Mfundishe mwanafunzi neno pamoja na mwenzake, kama ajali na "have".

SWALI: "I've got a car" ni nimepata gari au nina gari? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Nina gari, sasa hivi, ingawa umbo lina sura ya wakati uliopita. Ukitaka nilikuwa na gari, sema "I had a car". Mmarekani akisema "I've gotten a car", huyo ndiye anayesema nimepata gari. Mwingereza kwa kawaida hutumia "got" kwa yote mawili, na mazungumzo ndiyo huamua.

SWALI: "Get in" au "get on"? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Basi, treni, ndege, baiskeli na pikipiki: "get on", na kushuka "get off". Gari dogo na teksi: "get in", na kushuka "get out of". Chombo unachoweza kutembea ndani yake, au unachokaa juu yake, huchukua "on". Ukienda nyumbani usiweke "to": "get home", ila "get to Arusha".

SWALI: Nilimtumia mteja hati, akajibu "I don't get it". Niitume tena? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Usiitume, mweleze. Hajaelewa. Ni "pata" ileile ya redio ya upepo: nakupata, sikupati. Angeandika "I didn't get it", ungekuwa na haki ya kushangaa, maana hiyo huweza kuwa sikuelewa au haikunifikia. Wewe ukitaka kusema haijakufikia, andika "I haven't received it".