Mhuri Hauuzwi kwa Laki Tatu

Maswali ya ujenzi ya wiki hii ni mengi na yanafanana kama kokoto. Nimeokota sita.

Shikamoo mhandisi. Nimesajiliwa kuwa mhandisi mwaka jana. Kuna mchoraji ananiletea ramani za ghorofa alizochora mwenyewe, nigonge mhuri tu, laki tatu kila moja. Anasema wenzangu wote wanafanya. (Dodoma)

Marahaba. Wenzako wote hawafanyi, na wanaofanya hawalali masika yakianza. Ukigonga mhuri umetamka kwamba nguzo hizi, mihimili hii na msingi huu umevikokotoa wewe. Jengo likitoa ufa miaka minane baadaye, mchoraji atakuwa amebadilisha namba ya simu. Kwenye kona ya karatasi kuna jina lako na namba yako ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Siku kama ile huulizwi ulilipwa shilingi ngapi. Unaulizwa mahesabu yako yako wapi.

Mwambie utaanza upya, kuanzia ripoti ya udongo, kwa bei ya kazi yenyewe. Hatarudi. Na hiyo laki tatu, ukienda kuona kiwanja mara mbili imeishia kwenye mafuta ya gari.

Nyumba ya vyumba vinne inakula nondo ngapi? (Kibaha)

Udongo gani, ghorofa ngapi? Swali hili nimelijibu hadi nimechoka: tafuta mhandisi, mlipe.

Ila kwa kuwa umetaja nondo, nenda dukani na mizani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa ifike kilo 10.6 hivi. Juzi nilipima unene wa moja kwa kalipa, kile kifaa cha kubana na kupima, ikasoma milimita 10.5. Muuzaji akaniambia "ni milimita moja na nusu tu, mzee." Milimita moja na nusu hiyo ni karibu robo ya chuma chote, na bei aliyotaja ilikuwa ya kumi na mbili kamili.

Mteja alichukua michoro yote kwenye simu, akalipa nusu, sasa hapokei. Jengo liko kwenye lenta. (Mwanza)

Ulimpa yote ya nini? Hapo umeshamkopesha, na mkopo usio na maandishi ni sadaka. Mwandikie barua ya madai, eleza kazi uliyofanya na kiasi kilichobaki, baki na nakala. Mjulishe pia kwa maandishi kwamba husimamii ujenzi huo, maana kimya chako kinaweza kusomwa kama ridhaa.

Safari ijayo mkataba hata wa kurasa mbili: malipo ya awali kabla ya kushika kalamu, sehemu ya pili michoro ya msingi ikitoka, ya mwisho kabla ya kukabidhi seti nzima. Usimamizi uwe na bei yake, usiumeze ndani ya bei ya ramani. Wengi wetu tunafilisika kwa huo usimamizi wa bure. Faili la kompyuta usitoe kabisa. Toa karatasi yenye mhuri na tarehe. Na akiwa ndugu yako, malipo ya awali yawe makubwa zaidi.

Fundi anaongeza maji kwenye zege kila nikigeuka. Nikikemea, mwenye nyumba anasema fundi ana uzoefu wa miaka ishirini. (Tanga)

Miaka ishirini ya kukosea ni uzoefu pia. Mwezi uliopita nilisimama kwenye slabu moja, kijana wa mikisa, mashine ya kuchanganya zege, akiniangalia kwa jicho la pembeni, kopo mkononi. Nilipokwenda kukagua ringi za nguzo nikasikia maji: chwaa. Niliporudi, zege lilikuwa linatiririka kama uji wa mgonjwa, na kokoto zimezama chini ya toroli.

Usibishane naye kwa maneno. Mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa lita 25 za maji ni uwiano wa 0.5, ongeza lita tano tu umefika 0.6, na nguvu ya zege imeshuka sana. Mchanga ukiwa umelowa, punguza hata hizo 25. Weka ndoo yenye alama, ondoa kopo. Akilalamika zege ni gumu, kuna dawa ya kulilainisha na kuna vaibreta, mashine ya kulitikisa lishuke vizuri. Kisha jaza zege kwenye vikalibu sita vya mchemraba wa sentimita 15 mbele ya mwenye nyumba, vitatu vivunjwe maabara siku ya 7 na vitatu siku ya 28. Siku ya 7 ukiona haijafika hata nusu ya nguvu iliyotakiwa, mpelekee mwenye nyumba karatasi hiyo. Na kila ulichokataza, andika kwenye daftari la saiti, fundi asaini.

Programu ya kompyuta imekubali bimu (mhimili) yangu. Bado nikokotoe kwa mkono? (Mwanafunzi, Arusha)

Ndiyo. Ungeandika kilo mahali pa kilonyutoni, kipimo cha mzigo ambacho kimoja ni kama kilo mia, ingekubali pia.

Nina ghorofa moja, nataka kuweka tangi la lita 5,000 juu ya slabu ya balkoni. Fundi kasema inabeba. (Mbagala)

Lita 5,000 ni tani tano, magari madogo manne yamepangwa kwenye balkoni yako. Jenga mnara uani.